Hukumu ipo, lakini ipo mahakama gani?

KARATASI mbili zinachanganywa kila siku katika nchi yetu, na mchanganyo huo unawagharimu watu nauli, muda na wakati mwingine heshima zao. Ya kwanza ni kile cheti ambacho wengi bado wanakiita kazie, kwa Kifaransa kilichokatwa, kinachoeleza kama mtu amewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai au hajawahi. Ya pili ni nakala ya hukumu yenyewe, ile iliyosomwa na jaji siku fulani, katika mahakama fulani, juu ya mtu fulani. Ya kwanza inatolewa na ofisi ya taifa ya waendesha mashtaka, siku hizi kwa kuomba kupitia Irembo. Ya pili inatoka mahakamani. Ukiombwa moja ukapeleka nyingine, utarudishwa mlangoni hata kama umetoka mbali kiasi gani.

Naulizwa sana habari za karatasi hizi, ingawa mimi si mwanasheria bali ni mwalimu. Hapa Kirehe, karibu na daraja la Rusumo, majirani wengi walizaliwa na kusoma Karagwe, Ngara na Biharamulo kama mimi. Baadhi tulirudi baada ya mwaka 1994, na wengine walirudishwa mwaka 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga upande wa Tanzania. Kinyarwanda cha nyumbani tunacho, lakini Kinyarwanda cha mahakamani ni kingine kabisa, na mtu akishika karatasi yenye muhuri asiyoielewa hukimbilia kwa mwalimu. Kwa kuwasindikiza watu kwenye madirisha ya makarani nimejifunza mambo ambayo sikuyasoma shuleni.

Nianze na mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele, ambaye huuleta kutoka Kahama na kuuza jumla upande huu. Mwaka 2023 ushirika wao ulitaka kumpa kazi ya mweka hazina. Siku ya mkutano mwanachama mmoja akasimama, akasema mtu huyu aliwahi kufungwa Kibungo kwa wizi wa ng'ombe. Mzee akaenda kwa wakala wa Irembo, akaomba kazie, ikaja safi. Wenzake wakaitazama, wakasema kesi yenyewe ni ya zamani, haiwezi kuwamo katika kompyuta. Mfuko wa ushirika ukamfungia mkopo mpaka jambo hilo lieleweke. Mtu anayenunua mchele kwa mkopo na kulipa baada ya kuuza, ukimfungia mkopo umemfungia duka.

Wenzake hawakuwa wajinga. Mifumo ya kompyuta katika mahakama zetu ni ya juzi. Ule unaotumika sasa kusajili na kufuatilia kesi, IECMS, ulianza mwaka 2016. Kesi ya mwaka 2003 iliandikwa katika daftari kubwa la masijala na karatasi zake zikafungwa kwa kamba. Cheti kisingeweza kuwafumba watu midomo. Ilibidi itafutwe hukumu yenyewe, kama ipo, na isomwe.

Mahali palipobadilika jina

Swali la kwanza ambalo karani wa mahakama atakuuliza ni namba ya kesi. Ukiwa nayo, kazi imekwisha nusu. Namba hizo zina lugha yake. Herufi RP zina maana ya daftari la kesi za jinai, RPA ni rufaa ya jinai, na RC ni madai. Kinachofuata ni namba ya mfululizo na mwaka, kisha katika kesi za miaka ya karibuni jina la mahakama kwa kifupi: TB ni mahakama ya mwanzo, ambayo kwa Kinyarwanda ni Urukiko rw'Ibanze, na TGI ni ile ya juu yake, Urukiko Rwisumbuye. Kwa hiyo karatasi yenye kitu kama RP 00120/2017/TGI/NGOMA inakuambia yenyewe uende wapi.

Angalia vilevile usije ukabeba namba ya RMP ukidhani ni ya mahakama. Hiyo ni namba ya jalada la mwendesha mashtaka. Jalada linaweza kuwa na RMP na lisifike mahakamani kamwe, kwa sababu lilifungwa njiani. Nimeona mtu akitembea na RMP miezi miwili kutoka masijala moja hadi nyingine, kila karani akimwambia hapa hatuna kesi hiyo, na wote walikuwa wakisema kweli. Mwenye RMP peke yake aanzie kwa waendesha mashtaka, awaulize kama jalada hilo lilipelekwa mahakamani na lilipewa RP gani.

Wasio na namba yoyote, na ndio wengi, wanahitaji vitu vitatu: mahali, mwaka na jina. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtego wake kwa mtu aliyeishi nje.

Mahali kwanza. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yalifuta mikoa 12, ukiwamo mji wa Kigali, yakabakiza minne pamoja na Kigali. Wilaya 106 zikawa 30. Tarafa na seli zikaunganishwa na nyingi zikapewa majina mapya. Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Cyangugu ikawa Rusizi, Byumba ikawa Gicumbi, na Kibungo sasa ni mji ndani ya wilaya ya Ngoma. Aliyeondoka hapa kabla ya hapo anabeba kichwani ramani ambayo makarani vijana hawaijui. Ukimwambia kijana wa miaka 28 kwamba kesi ilikuwa katika komine fulani, anakutazama kama unamsimulia habari za mfalme.

Mahakama nazo zilibadilishwa. Hadi mwaka 2004 kulikuwa na mahakama za kantoni na juu yake zile zilizoitwa Tribunal de Première Instance. Mageuzi ya mwaka huo yakaleta mahakama za wilaya na za miji, kisha baada ya mipaka mipya zikaja hizi tunazozijua leo. Mwaka 2018 zikapunguzwa tena, na sasa mahakama za mwanzo ni 41 na zile za Urukiko Rwisumbuye ni 12. Mwaka huohuo ilianzishwa Mahakama ya Rufaa, ikasimama kati ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu. Kwa hiyo jalada la zamani litafutwe kwanza katika mahakama iliyorithi eneo la ile iliyofutwa. Kabla ya kupanda basi, kaa na mzee wa kijiji akuambie seli ile ya zamani leo inaitwaje na iko chini ya tarafa ipi. Andika majina yote mawili, la zamani na la sasa, katika barua yako.

Mwaka ni rahisi zaidi, mradi usimuulize mtu tarehe. Watu wetu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio. Yule aliyesimama mkutanoni alipoulizwa kesi ilikuwa lini, alisema ilikuwa mwaka wa kura ya katiba, kabla ya uchaguzi wa rais. Kura ya katiba ilipigwa Mei 2003 na uchaguzi wa rais ukafanyika Agosti mwaka huohuo. Kwa neno hilo moja tukawa tumepunguza utafutaji hadi miezi mitatu ya daftari. Sensa za mwaka 2002, 2012 na 2022 husaidia vivyo hivyo, na ule mwaka mikoa ilipobadilishwa kila mtu anaujua.

Tazama neno mwene

Jina ndilo lenye mitego mingi kuliko yote. Wanyarwanda hatuna jina la ukoo. Baba, mama na watoto sita wanaweza kuwa na majina manane yasiyofanana, kwa hiyo huwezi kumtafuta mtu kwa jina la familia yake kama wanavyofanya Wazungu. Wakati huohuo majina yaleyale yanarudiwa mlima baada ya mlima. Kuna akina Habimana na akina Mukamana wasiohesabika. Zaidi ya hapo, uhamisho ulitubadilishia majina ya ubatizo. Aliyekulia Tanzania aliandikwa Yohana, nduguye aliyekulia Uganda akaandikwa John, binamu wa Congo akawa Jean. Mtu mmoja anaweza kuwa Yohana katika cheti cha shule ya msingi cha Karagwe na Jean katika daftari la mahakama. Makarani wa enzi hizo walichanganya pia l na r, na waliandika walivyosikia. Tafuta kwa kila tahajia inayowezekana, na usiondoke dirishani kwa sababu tu tahajia ya kwanza haikupatikana.

Kitambulisho cha sasa cha tarakimu 16 kimepunguza tatizo hili kwa kesi mpya, kwani namba ni ya mtu mmoja tu na mwaka wa kuzaliwa umo ndani yake. Lakini hukumu za kabla ya kitambulisho hicho hazina namba. Zina kitu kingine ambacho ni kizuri zaidi ukikijua. Ukurasa wa kwanza wa hukumu ya jinai ya Rwanda, baada ya jina la mshtakiwa, huandika neno mwene, yaani mtoto wa, na kufuatiwa na jina la baba na jina la mama. Baadaye huja mwaka wa kuzaliwa, mahali alipozaliwa na mahali anapoishi. Watu wawili wanaweza kufanana jina. Kufanana jina, la baba na la mama, wote pamoja, ni nadra sana.

Mzee wetu wa mchele alifunga safari tatu kwenda Ngoma kabla daftari halijapatikana. Kesi ilikuwapo. Jina lilikuwa lake herufi kwa herufi, na mahali pale dirishani alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha karani akasoma mistari inayofuata. Mwene wa watu asiowajua, aliyezaliwa mwaka 1961, wakati yeye ni wa 1970, mkazi wa komine ambayo hajawahi kulala hata usiku mmoja. Mwaka ule wa 2003 yeye alikuwa Ngara anachunga ng'ombe wa watu.

Aliomba nakala yenye muhuri, akaipeleka kwenye ushirika pamoja na kitambulisho chake na kile cha marehemu baba yake. Kiti cha mweka hazina kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu mwingine. Mkopo alifunguliwa siku hiyohiyo, na kwake mkopo ulikuwa mkubwa kuliko kiti.

Barua na dirisha

Sasa namna ya kuomba. Kama kesi ni ya miaka ya karibuni, na wewe ulikuwa upande mmoja wa kesi hiyo, unaweza kuiona katika IECMS kwa kutumia akaunti yako, au kwa msaada wa kijana wa intaneti pale sentani. Hukumu nyingi za mahakama za juu zimechapishwa, nyingine katika tovuti ya mahakama na nyingine katika RwandaLII, ambako msomaji yeyote anaweza kuziona bure. Lakini hukumu ya mahakama ya mwanzo ya mwaka 2009 usiisubiri kwenye simu. Hiyo inatafutwa kwa miguu.

Andika barua fupi kwa rais wa mahakama husika. Eleza wewe ni nani, unaomba nini, kesi ya nani, ya mwaka gani, mahali gani kwa jina la zamani na la sasa, na sababu ya kuiomba. Kama unaomba kwa niaba ya mwingine, ambatisha hati ya uwakilishi. Kama mwenye kesi amefariki, ambatisha cheti cha kifo na karatasi inayoonyesha kuwa wewe ni mrithi. Peleka nakala mbili, na hiyo ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Wengi hupuuza muhuri huo. Wiki tatu baadaye wakirudi wanaambiwa barua haijaonekana, na hawana cha kuonyesha.

Toa neno sahihi pia. Ukisema nataka jalada, unaomba kila kitu kilichomo: maelezo ya mashahidi, mihutasari, picha. Jalada zima halitolewi kwa kila mtu. Ukisema nataka kopi y'urubanza, unaomba hukumu, na hukumu ilisomwa hadharani. Yapo mambo yanayofichwa kwa haki, hasa kesi za watoto na zile zilizosikilizwa faraghani, na hapo karani akikukatalia usimlaumu. Kama hukumu ina fidia ndani yake na unataka ilipwe, nakala ya kawaida haitoshi. Omba yenye kashe mpuruza, ule muhuri wa utekelezaji, kwa sababu bila huo mhesha w'inkiko hawezi kwenda kudai chochote kwa mtu.

Uliza kama kuna malipo, na kama yapo uelekezwe kulipa kwa njia inayotoa risiti. Kila malipo halali ya serikali yana risiti. Yule kijana anayesimama nje ya geti akisema anajua mtu ndani, mwache hapohapo nje.

Wapo wanaosikia kuna sheria ya mwaka 2013 inayompa mwananchi haki ya kupata habari kutoka ofisi za umma, wakaingia ofisini wakiipeperusha. Sheria ipo kweli, na ni nzuri. Lakini kwa maoni yangu ni silaha ya barua ya pili. Karani aliyeombwa kwa adabu husimama akaenda stoo; aliyetishiwa kwa sheria hukaa akasema andika barua. Kama barua ya kwanza imekaa bila jibu, ndipo uitaje. Na kabla ya yote hayo, kila wilaya katika zile 30 ina ofisi ya MAJ, yenye wanasheria wa serikali wanaosaidia wananchi bila malipo. Watu wetu wanazipita ofisi hizo kila siku wakidhani ni za wilaya tu.

Ukishaipata hukumu, nenda kwanza mwisho wake. Ukikuta neno umwere, mtu aliachiwa. Ukikuta ahamwa n'icyaha, alipatikana na hatia. Ukikuta kwamba alihukumiwa adahari, maana yake hakuwepo, na hilo ni jambo la kupeleka kwa mwanasheria haraka kwa sababu muda wa kupinga hukumu ya namna hiyo una kikomo. Neno ubujurire ni rufaa: kama limo, hukumu uliyoshika huenda si ya mwisho na lazima utafute ya juu yake. Nimeona familia ikilia juu ya kifungo ambacho mahakama ya juu ilishakifuta miaka kumi nyuma.

Daftari za Gacaca

Kwa wanaorudi kutoka Congo hasa, swali kubwa mara nyingi si la mahakama za kawaida. Ni la Gacaca. Mahakama hizo zilianza kwa majaribio Juni 2002, zikaenea nchi nzima miaka iliyofuata, na zikafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012. Zilikuwa karibu 12,000, na zilimaliza kesi zaidi ya milioni 1.9. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kesi hizo, zaidi ya milioni 1.3, zilikuwa za mali: mabati yaliyoezuliwa, ng'ombe walioliwa, milango, magodoro, mahindi ya shambani.

Hapo ndipo shida ilipo. Familia inarudi baada ya miaka 20 au zaidi msituni na kambini, inakuta shamba la baba, na wiki ya pili anakuja jirani akisema baba yenu alihukumiwa kunilipa ng'ombe wawili. Huenda ni kweli. Huenda pia mjomba alishalipa. Huenda palikuwa na makubaliano mbele ya inyangamugayo, wale waamuzi wa Gacaca, kwamba deni lilipwe kwa kazi ya mikono na kazi ikafanyika, kwa maana sheria iliruhusu kurudisha kitu, kulipa thamani yake au kufanya kazi. Anayedai aliporwa kweli mwaka 1994 na hana sababu ya kuona aibu kudai. Anayedaiwa alikuwa mtoto wa miaka minane. Bila karatasi, wote wawili wamebaki na neno la mtu dhidi ya neno la mtu, na katika jambo hili maneno matupu ni hatari.

Karatasi zipo. Gacaca ziliandika kwa mkono, katika madaftari na fomu, na zilipofungwa shehena hiyo ilikusanywa Kigali. Iliwekwa chini ya tume ya taifa ya kupambana na mauaji ya kimbari, CNLG, na kazi ya kupiga picha kurasa zote ziingizwe kwenye kompyuta ikafuata. Ni mamilioni mengi ya kurasa. Mwaka 2021 tume hiyo iliunganishwa ndani ya wizara mpya ya umoja wa kitaifa, MINUBUMWE, na kumbukumbu zikaenda nayo. Kwa hiyo anayetafuta hukumu ya Gacaca asihangaike na mahakama ya mwanzo peke yake. Barua yake iende huko.

Katika barua hiyo mahali ni kila kitu. Gacaca zilipangwa kwa seli na tarafa za kabla ya mwaka 2006. Mambo ya mali yaliamuliwa ngazi ya seli, na mashtaka mazito zaidi ngazi ya tarafa, ambako pia palikuwa na kikao cha rufaa. Ukiandika jina la seli ya leo tu, unamtuma mhifadhi kwenye rafu isiyo yake. Andika seli ya zamani, tarafa ya zamani, jina la anayehusika pamoja na mwene, na kama unajua, jina la aliyekuwa mwenyekiti wa inyangamugayo. Sema unatafuta hukumu, au makubaliano ya malipo, au vyote viwili, maana makubaliano hayakuwa hukumu na huenda yakawa katika daftari jingine.

Wakati unasubiri, waulize waliokuwa inyangamugayo kijijini. Wengi bado wapo hai, na kumbukumbu zao za nani alilipa nini ni za ajabu. Neno lao halichukui nafasi ya karatasi, lakini linakuelekeza karatasi ilipo. Sheria ya mwaka 2012 iliyofunga Gacaca iliacha mahakama za kawaida zishughulikie yaliyobaki, na hivyo mgogoro wa malipo ukishindikana kijijini una mahali pa kwenda. Uende nao ukiwa na nakala mkononi.

Ng'ambo ya mpaka

Kazie ya Rwanda haisemi lolote juu ya miaka uliyoishi kwingine. Mwajiri au ubalozi ukitaka habari za miaka 15 uliyokaa Kagera, lazima karatasi itoke Tanzania, na hapo utaratibu ni tofauti: hati ya tabia njema inatolewa na Jeshi la Polisi, na alama za vidole zinahitajika. Kenya ni hivyohivyo, idara ya upelelezi ndiyo inayotoa na maombi yanaanzia eCitizen. Uganda mtu anaelekezwa ofisi ya Interpol mjini Kampala. Kwa maneno mengine, sisi tunakwenda kwa mwendesha mashtaka, wao wanakwenda kwa polisi. Wafanyabiashara wanaovuka Kagitumba na Rusumo waliweke hilo kichwani, kwa maana nimeona mtu akipeleka kwa tajiri wa magari karatasi ya nchi moja akidhani inatosha kwa zote.

Ukitafuta hukumu yenyewe upande wa Tanzania, una bahati moja. Mahakama za mwanzo kule zimekuwa zikiandika kwa Kiswahili miaka yote, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za ngazi zote. Unamwandikia hakimu mfawidhi, unaomba nakala ya hukumu, na kama unataka na yaliyosemwa na mashahidi unaomba pia mwenendo wa shauri. Hukumu za mahakama za juu zinapatikana TanzLII, na za Uganda katika ULII. Za wilayani na vijijini, kama hapa kwetu, zinafuatwa kwa basi.

Congo kuna mtego mwingine. Hati ya mwenendo mwema inayotolewa na komine siyo kumbukumbu ya mahakama. Ni neno la mtawala kwamba anakufahamu. Kumbukumbu ya hukumu iko kwa grefye wa mahakama, na kazie iko upande wa parke. Wenye shida Goma na Bukavu wanajua kwamba tangu miji hiyo ilipoingia mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, kazi za mahakama huko zilivurugika. Mwenye nakala yake ya zamani aitunze kama hati ya kiwanja.

Karatasi ya nchi nyingine ikifika hapa kwa Kifaransa cha Congo au Kiswahili cha Tanzania, ofisi inaweza kutaka itafsiriwe na mkalimani aliyeapishwa. Mpe mkalimani nakala, baki na yenye muhuri, na hakikisha majina ya wazazi yameandikwa kama yalivyo katika asili hata kama tahajia yake inakukera. Mkalimani mmoja aliwahi kumsahihishia mteja wake Yohana kuwa Jean, kwa nia njema kabisa, na mteja akalazimika kurudi Ngara kuomba upya.